Masika ya Sabuni ya Lami

Jumanne, 9 Machi 1954

Bwana Mikidadi, mganga msaidizi wa hospitali, ndiye aliyeniagiza niandike.

"Kila siku, Bi Mwaija, andika umeosha kichwa kwa kitu gani, umepaka nini, na zimetoka nywele ngapi."

"Nani atasoma?"

"Mimi. Na wewe mwenyewe, usije ukajidanganya."

Basi nimenunua daftari. Marehemu baba alikuwa karani wa forodha hapa Bagamoyo, akanifundisha kalamu kabla sijajua kupika wali. Leo imenifaa.

Nina upara nyuma ya sikio la kulia, mkubwa kama shilingi. Wa pili uko utosini, nao umekua tangu mwezi wa Januari. Hauwashi, hauna ukoko. Ngozi yake laini kama shavu. Mimi ni msusi. Mwaka wa kumi na mbili huu nasuka maharusi wa mji huu, na mdogo wangu Mina ataolewa mwisho wa Shaabani. Nimekuwa nikitoka na ushungi hata uani kwangu.

Bwana Mikidadi alikata nywele tatu pembezoni mwa upara, akakwangua ngozi kwa kijisu, akavifunga katika karatasi vipelekwe Dar es Salaam vikapimwe. Shuleni kuna watoto wenye mapunye, akasema, na mapunye huambukiza. "Mpaka majibu yarudi, usimsuke mtu."

"Na nisiposuka nitakula nini?"

Akasema, "Wapeleke kwa mwenzako unayemwamini."

Jumatano, 10 Machi

Maji ya majani ya mkunazi, kama alivyokuwa akituosha mama. Nywele ishirini na mbili.

Alhamisi, 11 Machi

Mkunazi. Nywele ishirini na sita. Mina amekuja kunisomea majina ya watu wa kualikwa. Nilikaa nimefunga ushungi, jasho likinitiririka shingoni, naye asiulize.

Jumamosi, 13 Machi

Nimekwenda dukani kwa Velji. Nilingoja mpaka wateja walipokwisha, kisha nikasema nataka dawa ya kuoshea nywele, si yangu, ya jirani. Velji aligeukia rafu. Aliweka vitu vitatu mezani.

Cha kwanza, sabuni nyekundu ya dawa. Hiyo naijua, ndiyo wanayooshea sakafu hospitalini. Cha pili, sabuni nyeusi ya lami, imefungwa katika karatasi ya nta, ukiifungua inanuka kama barabara jua la saa sita. Cha tatu ni chupa: shampuu ya dawa, imetoka Bombay, ina picha ya mwanamke ambaye nywele zimemshuka mpaka magotini. Kiingereza changu ni cha kuokota, lakini nilisoma kwamba inaondoa mba, inaua wadudu wa kichwani na kurudisha nywele zilizopotea.

"Hii ndiyo bora?" nikauliza.

Velji akaigeuza chupa picha imwelekee yeye. "Huyu mwanamke, nywele yake ya kuzaliwa nayo. Chupa haikumpa."

"Basi jirani yangu achukue ipi?"

"Kama kichwa chake kinawasha, kina mba, achukue lami. Kama nywele inatoka yenyewe tu, mama, mimi sijui. Mke wangu anapaka mafuta ya nazi."

Nimechukua ya lami. Nilifika mlangoni nikarudi, nikachukua na ile chupa. Hakunicheka, na hilo ndilo lililonichoma.

Jumapili, 14 Machi

Sabuni ya lami. Nywele kumi na saba.

Jumatatu, 15 Machi

Lami. Kumi na tano. Naona inafaa.

Jumanne, 16 Machi

Lami. Thelathini na moja.

Alhamisi, 18 Machi

Shampuu ya Bombay. Povu jingi, harufu nzuri ya waridi. Nywele sikuzihesabu, zilitoka kwa shungi.

Leo nimemsuka mtu. Ni mke wa mwalimu, alikwisha kuketi kwenye mkeka na mimi sikupata la kumwambia. Chanuo nililichemsha kabla, nikalichemsha na baada, na mikono nikaiosha kwa sabuni nyekundu mpaka ikapauka. Mungu anisamehe.

Jumamosi, 20 Machi

Sitasuka tena mpaka majibu yaje. Leo nimekwenda kwa Zaina.

Zaina tulijifunza usukaji pamoja, kwenye mkeka mmoja. Mimi niliolewa nikaachwa mwaka wa tatu bila mtoto, naye aliolewa akafiwa. Tukawa tunacheka kwamba wanaume wametuachia kazi ya mikono. Nilivua ushungi mbele yake. Ndiye mtu wa kwanza kukiona kichwa changu ukiacha Bwana Mikidadi.

Alishika mdomo. "Shoga yangu! Tangu lini?"

Nikamweleza yote: karatasi iliyopelekwa Dar es Salaam, amri ya kutosuka. Nikamwomba anipokelee wateja wangu mwezi mmoja tu, na lililo langu libaki baina yetu.

"Nani nitamwambia mimi?" akasema, akalia. Nami nikalia. Nimerudi nyumbani mwepesi kama niliyeshushwa mzigo.

Jumanne, 23 Machi

Lami. Ishirini.

Jumamosi, 27 Machi

Masika yameingia. Mvua tangu alfajiri. Upara wa utosini umekutana na mwingine uliokuwa ukijificha, sasa ni mmoja. Bwana Mikidadi amenipa mafuta meupe ya kupaka, yanaunguza. Majibu bado.

Jumatano, 31 Machi

Lori la barua limekwama Mpiji, mto umepanda. Watu wa Kerege wanalisukuma siku ya tatu.

Ijumaa, 2 Aprili

Mafuta meupe. Kumi na nane. Mvua.

Ijumaa, 9 Aprili

Nimekutana na mke wa mwalimu sokoni. Nilimsalimu, akaitikia akiwa ameshika nywele zake kwa juu ya kanga, kama mtu anayehofia kuibiwa. Muuza samaki alinipa chenji kwa kuiweka juu ya ubao, asiniwekee mkononi. Nilisema moyoni, Mwaija, mwenye siri huona kila mtu anamtazama.

Jumanne, 13 Aprili

Mvua. Lami. Sikuhesabu.

Jumamosi, 17 Aprili

Sabuni sikugusa leo. Nitaandika yaliyokuwa.

Mina alikuja baada ya adhuhuri. Mina nilimlea mimi. Mama alikufa Mina akiwa na miaka minne, na kwa miaka kumi na tatu hakuna mkono mwingine uliogusa kichwa chake. Leo aliingia kichwa kimesukwa. Mistari myembamba, imekwenda upande, mafuta yanang'aa. Msuko wa Zaina naujua kama ninavyojua mwandiko wangu.

"Nani kakusuka?" nikauliza, ijapokuwa najua.

"Zaina. Mama mkwe ndiye aliyetaka. Zaina ni mtoto wa ndugu yake, unajua."

"Najua. Vizuri. Mimi nimekatazwa na hospitali, ningekuambia. Nilikuwa nangoja majibu nikidhani yatawahi."

Hakukaa. Alikuwa akifumbata ncha ya buibui na kuifumbua. "Dada Mwaija, nataka kusema nawe, usinikasirikie."

"Sema."

"Siku yenyewe... mama mkwe anasema usikae ukumbini na wanawake. Watu wanaogopa. Wanasema hawatakaa mkeka mmoja nawe, wala hawatakula sinia moja. Anasema kama wewe utakuwapo, watu wake hawaji."

Nilihisi kichwa kizima kinachonyota. "Watu wamejuaje, Mina?"

Akafumbata tena ncha ya buibui.

"Zaina kasema?"

"Alisema kwa kukuonea huruma, dada. Alisema tukuombee."

"Na wewe umemjibu nini mama mkwe wako?"

"Ningemjibu nini? Bado siku kumi na mbili."

Nilitaka aseme hata neno moja. Aseme, dada, nilikataa wakanishinda. Au aongope. Mvua ilikuwa ikipiga bati la jikoni. Halafu akasema kwamba nguo yake haijaisha kushonwa, akaenda. Mlangoni alisimama kufungua mwavuli, na mimi nikaona amesimama mbali nami muda wote ule. Hata mkono hakunipa.

Nimempikia uji huyu alipougua surua. Nimemtafunia.

Jumatatu, 19 Aprili

Nimekwenda kwa Zaina. Nilidhani nitamkuta peke yake, nimkute na haya. Nilimkuta barazani na wasichana sita, msimu wa harusi huu, wawili wao walikuwa wateja wangu. Wamepanga foleni. Chanuo ni moja, linatoka kichwa hiki linaingia kile, na bakuli la mafuta ni moja. Msichana wa nne alikuwa na doa jeupe juu ya paji, lina magamba kama samaki, na nywele zimekatikia humo kama zilizotafunwa na panya. Zaina alilipaka mafuta, akapitisha mstari juu yake kulificha, kisha chanuo hilo hilo akalitia katika kichwa cha msichana wa tano.

Nilisahau niliyoyaendea. "Zaina, chemsha chanuo. Mtoto huyu ana mapunye."

Aliinua macho taratibu. "Shoga, wa kunifundisha usafi ni wewe?"

Wasichana wakacheka. Yule mwenye doa alicheka pia.

Jumatano, 21 Aprili

Majibu hayajaja. Bwana Mikidadi anasema daraja limekwenda na maji. Nimemweleza niliyoyaona barazani. Alikwenda mwenyewe kumwonya Zaina, akaambiwa hakuna mgonjwa pale, aende akatibu walio wake.

Alhamisi, 29 Aprili

Mina ameolewa leo. Mimi nilikuwa jikoni uani, nikipika pilau. Nilivaa kanga mbili kichwani, na wapishi wenzangu walinipa vyungu vya mbali. Nilisikia vigelegele, nikajua ameingizwa ukumbini. Nikageuza wali usiungue.

Jumanne, 4 Mei

Mwezi mosi wa Ramadhani. Lami. Nywele nne. Zilizobaki ndizo hizo.

Jumamosi, 8 Mei

Majibu yamefika.

Bwana Mikidadi aliniita chumbani kwake, akaniketisha, akasoma mara mbili, kwanza kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili. Hakuna mapunye. Hakuna kuvu, hakuna kiini cha kuambukiza. Ni nywele zinazotoka zenyewe, madaktari wenyewe hawajui sababu. Kwa wengine hurudi na kwa wengine hazirudi.

"Na sabuni zote zile?"

"Zimekusafisha kichwa tu, Bi Mwaija. Ugonjwa wako si wa sabuni."

"Ningeweza kumsuka mdogo wangu?"

Alivua miwani akaifuta. "Ungeweza."

Karatasi ina muhuri. Nilikuja nayo nyumbani nimeikumbatia chini ya buibui isilowe. Kisha nikakaa kitandani nikijiuliza, nimwonyeshe nani?

Jumapili, 9 Mei

Nilimwonyesha Ami Bwanausi, ndugu wa baba. Alisema, "Alhamdulillahi," akanirudishia. "Lakini mwanangu, maneno yakishatoka ni kama mtama uliomwagika kwa kuku."

Jumatatu, 17 Mei

Mina amerudishwa.

Aliletwa asubuhi na mjakazi wa mama mkwe wake, na sanduku lake. Salamu zilikuwa hizi: arudi kwao apone, ugonjwa wa dada yake umemfuata. Siku kumi na nane za ndoa.

Nilimkalisha uani penye mwanga, nikamfumua. Alijifunika uso kwa mikono. Mapara matatu, yana magamba, yana nywele zilizokatika. Moja linatoa maji. Kwenye mstari wa nyuma mapunye yalikuwa yamefuata njia ya chanuo, yamenyooka kama mtu aliyepimia uzi.

"Kunakuwasha?"

"Tangu wiki ya harusi," akasema ndani ya viganja. "Zaina alisema ni mafuta mageni, nitazoea."

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nimeyapanga tangu tarehe kumi na saba ya Aprili, mengine nimeyarudia katika sala. Niliiangalia shingo yake, nikaenda kuchemsha maji.

Jumanne, 18 Mei

Bwana Mikidadi amekuja mwenyewe nyumbani. Akasema ni mapunye yasiyo na shaka, na kwamba tangu mwezi uanze ameona wasichana saba, wote wa baraza moja. Dawa ni kunyoa kichwa chote, kuosha kwa sabuni ya lami asubuhi na jioni, kupaka mafuta meupe mapara yakikauka na dawa ya zambarau panapotoa maji, na kuchoma chanuo, kilemba na mto.

"Kunyoa?" Mina akapiga kelele. "Mimi ni bi harusi! Watasema nimefiwa!"

"Usiponyoa, mwanangu, dawa haifiki kwenye mizizi," akasema Bwana Mikidadi. Kisha akanigeukia mimi. "Dawa zisizokufaa wewe ndizo zitakazomponya yeye. Unazijua dawa hizi zote. Mwoshe wewe."

Nimemnyoa kwa wembe wa marehemu baba. Mara mbili alinishika mkono nisiendelee, mara mbili nikangoja. Nywele zile ndizo nilizozipaka nazi tangu hazijafika masikioni. Zimejaa ungo. Nilizichoma, moshi wake ukaingia nguoni.

Aliponiuliza kama kupaka dawa kichwani kunafunguza saumu nilimwambia hapana, Ami Bwanausi aliuliza msikitini. Ndilo neno la pekee aliloniambia mpaka magharibi.

Jumamosi, 22 Mei

Lami mara mbili. Panawasha kidogo. Hakuna maji tena.

Jumanne, 25 Mei

Mina alicheka leo. Nilimpaka zambarau ikamtiririkia puani. Tulicheka kama zamani, na mimi nikamsamehe nusu.

Jumapili, 30 Mei

Lami. Mapara mawili yamekauka. Mvua inapungua.

Alhamisi, 3 Juni

Idi. Hakuna aliyekuja kutupa mkono wa Idi isipokuwa Ami Bwanausi. Abdala, mume wa Mina, alileta tende mpaka mlangoni, akamsalimia mkewe kupitia dirishani. Ni kijana mpole. Nilidhani upole ni jambo jema.

Ijumaa, 11 Juni

Nywele zimeota kichwani kwa Mina, hata kwenye mapara. Nyeusi, laini, kama za mtoto wa siku arobaini. Nimepitisha kiganja kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Changu ni kitupu sasa, nimekwisha acha kukitazama.

Jumatano, 16 Juni

Kikao kilikuwa kwa Ami Bwanausi, baada ya alasiri. Alikuja Bi Mwanamkasi, mama mkwe, na Abdala. Bwana Mikidadi amekwisha kuthibitisha kwamba Mina amepona. Nilimwamkia Bi Mwanamkasi, "Shikamoo," akaitikia "Marahaba" akitazama ukuta.

"Mtoto namtaka," akasema, "sina ugomvi naye. Lakini kuna maneno yanazunguka mjini kwamba ugonjwa umetoka kwa Zaina. Zaina ni damu yangu. Mkwe wangu hawezi kukaa kwangu na huku kwao wanamtukana mtoto wa ndugu yangu. Yule aliyeleta ugonjwa anajulikana. Aseme mwenyewe, maneno yaishe, mtoto arudi."

Nilitoa karatasi yangu. Nilimpa Abdala, kwa kuwa amesoma mpaka darasa la nane. Aliisoma. Niliona macho yake yakienda na mstari, yakirudi, yakifika penye muhuri. Nilimwona amefahamu.

"Inasemaje?" mama yake akamwuliza.

Abdala aliikunja palepale ilipokuwa imekunjwa. "Kiingereza cha hospitali, mama. Hakieleweki vizuri."

Ami Bwanausi alifungua mdomo, Mina aliyekaa kando yangu akawahi. Alinishika mkono, akanivuta mpaka chumba cha ndani, akafunga mlango.

"Dada, kubali."

"Nikubali nini?"

"Sema ni wewe. Neno moja tu. Mimi najua si wewe, Abdala anajua, Mungu anajua. Wewe utapungukiwa nini? Wateja walikwisha kwenda. Nywele zimekwisha kwenda." Alikuwa akilia, mikono yangu miwili ameibana. "Wewe huna mume wa kupoteza."

Nilimtazama. Kilemba chake nilikifunga mimi asubuhi, kitambaa kipya, nimekifua kwa maji ya moto na kukipiga pasi.

Nilirudi barazani. Nikasema, "Ni mimi."

"Umesikia, Bwanausi?" akasema Bi Mwanamkasi. Akaondoka amenyoosha mgongo, hakunitukana. Alikuwa amepata alilolijia.

Ijumaa, 18 Juni

Mina amekwenda kwake. Mitaa mitatu kutoka hapa. Nimempa vipande viwili vya sabuni ya lami.

Jumatano, 23 Juni

Kipupwe kimeanza, asubuhi baridi. Sina la kuandika. Sijui kwa nini bado naandika.

Jumatano, 30 Juni

Leo mwanamke nisiyemjua amesimama mlangoni kwangu, amemshika mtoto wa miaka sita, akamvua kilemba. Kichwa kizima magamba.

"Tazama kazi yako!" alipiga kelele mtaa mzima ukasikia. "Umekiri mwenyewe! Tazama!"

"Nani anamsuka mtoto?" nikamwuliza.

"Zaina. Na nani mwingine? Wewe?"

Nilifunga ushungi, nikaenda hospitali mbio. Bwana Mikidadi hakuniambia niketi.

"Kumi na tisa," akasema. "Wagonjwa kumi na tisa, Bi Mwaija. Nilikuwa nimewaambia akina mama wasiende baraza ile mpaka machanuo yachomwe. Walianza kunisikia. Ukakiri. Sasa wananiambia, mwenye ugonjwa amejulikana, naye hasuki tena, basi kuna hofu gani? Umenifanya mwongo, na watoto wao umewarudisha kwenye chanuo lile lile."

"Ilikuwa kwa ajili ya mdogo wangu."

"Nilidhani hivyo," akasema, bila kulainika.

Nilikuwa nimejihesabu miye ndiye niliyetoa kila kitu. Sikuwa nimewahesabu hawa. Nilikuwa najua baraza la Zaina lilivyo, nimeliona kwa macho yangu, nikasema "Ni mimi" nikadhani naumia peke yangu.

Jumamosi, 3 Julai

Palikuwa na maulidi ya wanawake nyumbani kwa mke wa mwalimu. Sikualikwa. Nilingoja wakamaliza dua, nikaingia.

Nilivua ushungi. Niliwaacha watazame. Nikasema: "Hiki ndicho kichwa changu. Hakina mapunye, hakikuwa nayo hata siku moja, karatasi ya hospitali hii hapa. Nilikiri uongo. Mapunye yako kwenye chanuo la Zaina. Wenye watoto wasikieni, si kwa ajili yangu. Chomeni machanuo, waosheni kwa sabuni ya lami, wapelekeni kwa Bwana Mikidadi."

Zaina alikuwepo, amekaa karibu na chetezo. Hakuinuka. "Juzi ni yeye," akasema kwa sauti ya kuchoka, "leo ni mimi. Kesho atakuwa nani? Maskini, ugonjwa umempanda ubongoni."

 Kisha mtu alipitisha sahani ya halua, na wanawake wakaanza kuzungumza juu ya bei ya mchele.

Mina alikuwa amekaa nyuma ya mama mkwe wake. Macho yetu yalikutana. Alishusha ukaya usoni, taratibu, kama mtu anayeona jua kali.

Jumapili, 4 Julai

Mina amemtuma mjakazi: nisimwendee tena. Bi Mwanamkasi hakumrudisha, kwa kuwa hakuna aliyeniamini. Uongo wangu waliuamini siku ileile.

Jumatano, 7 Julai

Nimekwenda hospitali nikamwambia Bwana Mikidadi, "Nipe kazi ya kuosha."  Akanionyesha ndoo zilipo.

Jumatatu, 12 Julai

Siku ya tano leo. Shule imetoa amri: mtoto mwenye mapunye haingii darasani bila cheti cha hospitali, basi akina mama wanakuja hata wasipotaka. Tunaoshea kwenye veranda ya nyuma. Bwana Mikidadi ananyoa, mimi naosha na kupaka dawa. Wako ishirini na wanne. Wanawake wananiletea watoto na kusimama mbali, kwenye ngazi. Hawanisalimu. Nikimaliza wanamchukua mtoto kwa ncha ya nguo.

Leo alikuja yule mtoto wa miaka sita. Nilimwinamisha juu ya beseni, nikaanza kusugua.

"Bi mkubwa," akasema ndani ya povu, "nani alikupa mapunye?"

"Sikuwa nayo."

"Basi kwa nini huna nywele?"

"Zilikwenda tu."

Akafikiri. "Zitarudi?"

"Nyamaza, mtoto!" mama yake akamkemea kutoka kwenye ngazi. "Usizungumze naye."

 Nikamwambia mtoto afumbe macho, nikammiminia maji.